Tujifunze Kusoma Moshi

Panapofuka moshi pana moto, walisema wazee wetu, na hakuna aliyewahi kuwabishia. Lakini walisema hivyo kwa watu waliouona moshi na moto wake kwa mtazamo mmoja: shamba la jirani, jiko la mama, nyasi zinazoungua ng'ambo ya mto. Siku hizi mambo yamepanuka. Uko moshi unaofika katika miji ambako hakuna aliyewasha moto, na uko moto unaowashwa mahali ambapo hakuna mtu wa mbali anayeuona moshi wake. Katikati ya hayo mawili kuna vyombo vinavyopita juu ya vichwa vyetu kila siku, vikipima joto, vikipima giza la hewa, na kuchora ramani ambazo wengine huzisoma na sisi hatuzisomi.

Vijana wapendwa, sisi wa Masako tunaishi karibu kabisa na jambo hili. Hifadhi ya msitu wa Masako, yenye hekta zaidi kidogo ya 2,000, imezungukwa na kona ya mto Tshopo, kilomita zipatazo 14 kutoka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta. Imekuwa hifadhi tangu mwaka 1953, na kwa miongo mingi walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekuja humu kuhesabu miti na wanyama wadogo. Ndani yake bado upo msitu mkongwe wa miti ya limbali. Pembeni upo msitu uliorudi baada ya kulimwa, na nje ya huo yapo mashamba ya mihogo, mpunga na ndizi, pamoja na njia za baiskeli zinazobeba magunia ya makala, yaani mkaa wa kupikia, kwenda mjini. Kila mwaka mvua inapopungua, kati ya Desemba na Februari na tena katikati ya mwaka, miti iliyoangushwa hukauka na moto hupitishwa shambani. Moshi hupanda juu ya mto, kisha huondoka. Unakwenda wapi? Na ni nani anayeuona?

Neno tunalotaka kuliweka mbele yenu ni hili: moshi na msitu ni maswali mawili, si swali moja. Kijana wa Tshopo asiyejifunza kuyatenganisha atahukumiwa kwa picha asiyoweza kuisoma, au atajitetea kwa picha asiyoielewa. Yote mawili ni unyonge, na dawa yake ni kujifunza.

Tuanze basi na kusoma kwenyewe. Moshi hufuatiliwa kutoka angani kwa njia kadhaa, na kila njia hujibu swali lake.

Njia ya kwanza ni kuona joto. Kihisi kiitwacho MODIS kimo katika setilaiti mbili za Marekani: Terra, iliyorushwa tarehe 18 Desemba 1999, na Aqua, iliyorushwa tarehe 4 Mei 2002. Kihisi hicho hupima mwanga wa joto ambao jicho letu haliuoni. Mahali penye moto hung'aa katika mwanga huo kuliko ardhi iliyo jirani, hata kama moto umeshika sehemu ndogo tu ya kipande kinachopimwa. Kwa MODIS kipande hicho kina upana wa kilomita 1. Kihisi kingine, VIIRS, kilichorushwa mwaka 2011, hupima vipande vya mita 375. Hapo ndipo zinapotoka zile nukta nyekundu kwenye ramani, ambazo NASA, shirika la anga la Marekani, huzitoa bure kwa watu wote saa chache baada ya setilaiti kupita. Angalieni vizuri: nukta nyekundu si shamba, wala si idadi ya watu waliowasha. Ni kipande cha ardhi ambacho, kwa dakika ile setilaiti ilipopita, kilikuwa na joto lisilo la kawaida.

Njia ya pili ni kuuona moshi wenyewe. Moshi ni chembe ndogo sana zinazoelea hewani. Huzuia sehemu ya mwanga wa jua, nao watafiti hupima ni kiasi gani kimezuiwa kutoka juu hadi chini. Tena moshi hufyonza mionzi ya urujuanimno, na kwa hiyo kihisi kinachopima mionzi hiyo huweza kuutambua hata unapopita juu ya mawingu. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa tarehe 13 Oktoba 2017, hufanya kazi hiyo kila siku. Setilaiti hiyo hiyo hupima pia kaboni monoksidi, gesi inayotoka mahali popote panapoungua pasipo hewa ya kutosha. Gesi hiyo hukaa hewani kwa majuma kadhaa kabla ya kupotea, na hivyo huwa kama alama ya miguu: chembe za moshi zinaweza kuoshwa na mvua njiani, lakini gesi huendelea na safari na kumwonyesha mtafiti njia iliyopitiwa.

Njia ya tatu ni kupima kimo. Kuanzia mwaka 2006 hadi mwaka 2023 setilaiti ya CALIPSO ilipeleka mwali wa leza chini na kusikiliza unavyorudi, ikajua kama moshi uko karibu na ardhi au umepanda kilomita tatu, nne au tano. Kisha watafiti huchukua hesabu za upepo za kila kimo na kurudi nyuma siku baada ya siku, kutoka mji uliopata moshi hadi mahali moto ulipowaka. Ndivyo safari nzima inavyojulikana.

Safari hizo ni ndefu kuliko tunavyodhani. Kati ya Juni na Septemba, nyasi za kusini mwa nchi yetu, za Angola na za Zambia huwa zimekauka, na moto huwaka katika eneo kubwa ajabu. Joto hupandisha moshi, pepo za mashariki huuchukua juu ya bahari ya Atlantiki, na sehemu yake hushuka na kuchanganyika na hewa ya baharini. Kisha upepo wa masika wa Ghuba ya Gine huisukuma hewa hiyo kuelekea pwani ya Afrika Magharibi. Mwezi Juni na Julai mwaka 2016, watafiti wa Ulaya na wa Afrika waliokuwa na ndege za kupimia mjini Lomé walikuta kwamba sehemu kubwa ya chembe laini katika hewa ya pwani ile haikutoka Lomé, Accra wala Abidjan. Ilikuwa imeshaingia kutoka baharini kabla haijagusa mji wowote, nayo ilikuwa moshi wa mioto ya Afrika ya kati na kusini, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Mama muuza samaki wa Lomé alikuwa akivuta moshi wa nyasi za watu asiowajua, nao hawakuwa na habari zake.

Si Afrika peke yake. Mwezi Juni 2023 misitu ya Quebec nchini Canada iliwaka, na tarehe 7 ya mwezi huo anga la New York likawa na rangi ya chungwa. Watu wakaambiwa wakae ndani. Kabla ya mwezi kwisha moshi wa Canada ulikuwa umevuka Atlantiki na kuonekana Ulaya. Watu wa miji ile walikuwa na ramani za moshi kwenye simu zao, wakajua asubuhi kama mtoto acheze nje au la. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kusoma moshi: mwenye habari hujikinga mapema.

Sisi nasi hatuko upande wa watumaji tu, tunapokea pia. Wakati wa Desemba hadi Februari, savana za kaskazini, za nchi ya Uele, Afrika ya Kati na Sudani Kusini, ndizo zinazowaka, na pepo za kaskazini huleta moshi wake juu ya msitu wetu. Watafiti waliopima maji ya mvua katika misitu ya bonde la Kongo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, walikuta ndani yake nitrojeni nyingi kuliko walivyotarajia, na sehemu kubwa ikatambuliwa kuwa imetoka katika mioto ya savana. Maana yake, majivu ya nyasi za mbali huanguka juu ya majani ya limbali kama mbolea ambayo hakuna aliyeiomba. Basi ukisimama kando ya mto Tshopo mwezi wa Januari na kuona jua limefifia na kuwa jekundu mapema, usiharakishe kusema ni shamba la fulani. Huenda ni shamba la fulani. Huenda pia ni nyasi zilizowaka mamia ya kilomita kutoka hapa.

Sasa tufike penye ubishi. Mwezi Agosti 2019 dunia nzima ilikuwa ikitazama Amazoni inavyoungua. Ndipo hesabu ya nukta za MODIS ikatangazwa: katika siku mbili, Angola ilikuwa na nukta 6,902, nchi yetu 3,395, na Brazili 2,127. Viongozi wa mataifa tajiri walikuwa wamekutana Biarritz, na Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa akaandika kwamba msitu unaungua pia katika Afrika kusini mwa Sahara. Ramani ya Afrika iliyojaa wekundu ikazunguka duniani, na wengi wakaamini kwamba msitu wa Kongo unateketea.

Walioisoma ramani hiyo vizuri waliona jambo jingine. Wekundu ule ulikuwa umekusanyika kusini, katika savana za Angola, Kasai, Kwango na Katanga, katika majira ambapo nyasi huchomwa kila mwaka. Msitu mkubwa wa ikweta, ambao Tshopo ni sehemu yake, ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani. Afrika ndiyo bara la moto: takriban asilimia 70 ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko kwetu, na karibu lote ni nyasi na savana. Nyasi zilizoungua Agosti huwa zimerudi kabla ya Krismasi, na kaboni iliyopanda na moshi imechukuliwa tena na majani mapya. Kuiita hali hiyo kuteketea kwa msitu ni kusoma vibaya.

Wengi wetu tulifurahia jibu hilo, na lilikuwa jibu la kweli. Lakini hapa ndipo tunapoomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu jibu la kweli linaweza kutumika vibaya. Wapo wanaosema: mmeona, nukta ziko Angola na Katanga, kwetu ni safi, basi tuendelee. Hapana. Ramani ya moshi haikutusafisha. Ilijibu swali la moshi tu. Swali la msitu lina ramani yake.

Ramani hiyo ya pili inasema nini? Inasema kwamba nchi yetu hupoteza takriban hekta nusu milioni za msitu wa asili kila mwaka. Watafiti waliochunguza picha za bonde la Kongo kuanzia mwaka 2000 hadi mwaka 2014 walikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mapengo ya msitu yalitokana na mashamba madogo yanayofunguliwa kwa panga, shoka na moto. Hizo si nukta za kutisha kwenye gazeti. Ni kipande cha nusu hekta hapa, kingine pale, pembeni mwa barabara ya Buta, pembeni mwa barabara ya Ituri, pembeni mwa kila kijiji. Moto wa shamba la namna hiyo huwaka alasiri moja. Setilaiti za Terra na Aqua zilipangwa kupita kwetu saa nne na nusu asubuhi na saa saba na nusu mchana, na tena usiku. Moto uliowashwa saa tisa na kuzimwa na mvua ya jioni hauingii katika hesabu. Mara nyingi pia anga letu limefunikwa na mawingu, na kihisi cha joto hakioni kupitia wingu nene.

Ukweli huu umepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulirudia kulitazama bara zima kwa setilaiti za Sentinel-2, zinazoona vipande vya mita 10 hadi 20, na ukakuta kwamba eneo lililoungua Afrika mwaka 2016 lilizidi kwa asilimia 80 lile lililokuwa limehesabiwa kwa MODIS. Tofauti hiyo ilitokana na mioto midogo: mioto ambayo mtu mmoja mmoja huijua, na ambayo mtazamaji wa mbali haioni.

Kwa hiyo mizani iko hivi. Savana hutoa moshi mwingi mno kwa sababu ni pana mno, lakini hupona kwa mvua moja. Shamba la msituni hutoa moshi ambao ukifika Kisangani umeshapotea kati ya moshi wa majiko, lakini mti wa limbali ulioanguka hauna mrithi katika maisha ya aliyeukata. Parasolia itaota pale baada ya mwaka mmoja au miwili na kufunika kidonda kwa kijani. Limbali haitarudi mpaka wajukuu wa wajukuu. Moshi mkubwa unaweza kuwa na hasara ndogo kwa msitu, na moshi mdogo unaweza kuwa na hasara kubwa. Anayepima msitu kwa moshi atamwadhibu asiyestahili na kumwacha anayestahili kuonywa.

Tena tusijidanganye kwamba unyevu wetu utatulinda daima. Mwanzoni mwa mwaka 2016, baada ya ukame wa El Niño, misitu ya kaskazini mwa Kongo Brazzaville, misitu ambayo watu walidhani haiwezi kuwaka, iliungua kwa maelfu ya hekta, na setilaiti za Sentinel ndizo zilizoonyesha ukubwa wake. Moto uliotoka shambani na kuingia katika majani makavu ya msitu haukuwa tena moto wa shamba.

Wapo wenye maoni mawili yanayopingana, na tumeyasikia yote mawili katika mazungumzo yetu. Wa kwanza husema kwamba macho haya ya angani ni ya wageni, yamewekwa ili kutuchunguza na kutulaumu, na heri tusiyajali. Wa pili husema kwamba kuchoma kupigwe marufuku kabisa, na atakayeonekana na nukta nyekundu akamatwe. Tunaheshimu wasiwasi wa wa kwanza na bidii ya wa pili, lakini hatukubaliani na yeyote kati yao.

Kwa wa kwanza tunasema: kutojali picha hakuifuti picha. Itasomwa bila sisi. Na wakati mwingine ndiyo itakayotutetea, kama mwaka 2019 ilivyowatetea wakulima wa msituni kwa yeyote aliyejua kuisoma. Kwa wa pili tunasema: mkulima wa Masako hachomi kwa kupenda moshi. Anachoma kwa sababu majivu ndiyo mbolea pekee asiyoilipia, na mihogo ndiyo mlo wa watoto wake na ada ya shule yao. Ukimnyang'anya kiberiti bila kumpa njia nyingine, atachoma usiku. Tena nukta ya mita 375 haitaji jina la mtu. Anayemkamata mtu kwa nukta hiyo amekamata kwa kubahatisha.

Watu wa Asia ya Kusini-Mashariki wana funzo hapa. Mwaka 1997, na tena mwaka 2015, moshi wa mioto ya Indonesia uliifunika Singapore na sehemu za Malaysia kwa majuma mengi. Nchi za eneo hilo zilitia sahihi mkataba juu ya moshi unaovuka mipaka mwaka 2002, na mwaka 2014 Singapore ikatunga sheria inayoweza kulifuata kampuni linalosababisha moshi huo hata kama moto uko nje ya nchi. Nukta za setilaiti zikawekwa juu ya ramani ya mashamba makubwa, na swali likabadilika. Halikuwa tena "nani ana kiberiti?" tu, bali pia "nani ana ardhi, na ni nani anayepata faida?" Nasi tuulize hivyo hivyo. Magunia ya makala yanayopita Masako kwa baiskeli yanakwenda kupika chakula cha nani? Ni cha mji mzima wa Kisangani, cha nyumba za walimu, za wafanyabiashara na za wakubwa wa serikali. Haki haiwezi kumwona mwenye shoka tu na kumwacha mwenye sufuria.

Kuna jambo moja zaidi ambalo setilaiti haliwezi kulisema lenyewe: yaani, tunavuta nini. Picha huonyesha moshi wote ulioko kati ya ardhi na anga. Moshi ulio juu kilomita nne unaweza kupita bila mtu kuuvuta, na moshi wa jikoni, ulio puani kabisa pa mama, hauonekani angani hata kidogo. Ili kujua kinachoingia kifuani ni lazima kipimo kiwe chini, mahali watu walipo. Kinshasa vipimo vya bei nafuu viliwekwa, na wastani wa mwaka 2019 ukawa zaidi ya mikrogramu 40 za chembe laini katika kila mita ya ujazo ya hewa, huku hewa ya kiangazi ikiwa mbaya kuliko ya masika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani wakati ule kilikuwa 10. Mwaka 2021 kikashushwa hadi 5. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwemo watoto wadogo wengi. Tukizungumza juu ya moshi unaosafiri hadi Lomé na kunyamaza juu ya ule usiosafiri kwenda popote, tutakuwa tumesoma ukurasa mmoja wa kitabu chenye kurasa mbili.

Tufanye nini basi? Tunapendekeza mambo manne kwa vikundi vya vijana, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, kila kikundi kiwe na daftari la moshi. Kila siku, saa ile ile, aandike mmoja wenu: tarehe, upepo unatoka wapi, kama kuna harufu ya kuungua, na kama miti ya ng'ambo ya Tshopo inaonekana wazi, kwa ukungu, au haionekani. Mara moja kwa juma, mwenye simu na mega za kutosha afungue ramani ya nukta na ya moshi, ambazo ni bure, na mlinganishe. Mkiona ukungu siku ambayo hakuna nukta karibu, tafuteni mbali zaidi, kwa upande upepo unakotoka. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitu ambacho hakuna setilaiti iliyo nacho: ushuhuda wa kila siku wa watu wa mahali.

La pili, andikeni mashamba, bila majina. Ngapi yamefunguliwa msimu huu katika msitu mkongwe, ngapi katika msitu uliorudi, ngapi katika kichaka cha zamani? Haya ndiyo yanayokosekana katika hesabu za mbali. Kule Yangambi, kilomita zipatazo 100 kutoka Kisangani, umesimama mnara wa mita 55 unaopima jinsi msitu unavyovuta na kutoa hewa, wa kwanza wa aina yake katika bonde la Kongo. Mnara hupima pumzi ya msitu. Nyinyi mnaweza kupima mipaka yake.

La tatu, mahali pa kuchoma pachomwe kwa adabu. Njia ya kuzuia moto isafishwe kwanza kuzunguka shamba, majirani waarifiwe, siku ya upepo mkali iachwe, mtu abaki mpaka magogo yafe. Na kabla ya kuangusha limbali, kijiji kijiulize kama kichaka kilichokwisha kupumzika hakitoshi.

La nne, tuanze nyumbani. Jiko lililoboreshwa linalotumia makala kidogo, jikoni penye dirisha, kuni zilizokauka vizuri: haya hupunguza moshi kifuani pa mama, na hupunguza pia magunia yanayotoka msituni. Ni mahali pekee ambapo swali la moshi na swali la msitu hukutana na kupata jibu moja.

Ramani nyingine nyekundu itakuja, labda Agosti hii, labda ijayo. Itaonyeshwa kwenye simu na televisheni, na watu wa mbali watauliza Wakongo wanafanya nini na msitu wao. Tungependa siku hiyo kijana mmoja wa Masako asimame na daftari mkononi na kusema: hizi ni nyasi za kusini, zitarudi, huu ni moshi wa Uele, ulipita kwetu Januari, na hapa, mahali ambapo ramani yenu haina nukta yoyote, tulipoteza mashamba haya saba ya msitu mkongwe, na hivi ndivyo tulivyokubaliana kijijini lisiongezeke la nane.